Umeona ama Umeambiwa?

Nilipofika Kitengela katikati ya miaka ya tisini, mwalimu mgeni kutoka magharibi mwa Kenya mwenye godoro moja na hasira za karibu, nilipewa kazi ambayo hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Kila Ijumaa asubuhi, bendera ikishapandishwa, wanafunzi walisoma habari mbele ya paredi. Shule nyingi za msingi zilifanya hivyo. Darasa moja lilitoa wasomaji, nao wakasimama kwenye kijukwaa cha saruji, mikono nyuma, wakatangaza habari za dunia, habari za nchi na habari za michezo. Shule nzima ilisimama juani ikisikiliza, au ikijifanya inasikiliza. Mwalimu msimamizi alitakiwa kuhakikisha tu kwamba kola ni safi na sauti inafika nyuma.

Muhula wangu wa kwanza, mvulana mmoja wa darasa la sita alisoma habari ileile Ijumaa baada ya Ijumaa. Waziri fulani alikuwa amewasili katika mji fulani wa ng'ambo kwa mkutano. Wiki iliyofuata waziri akawasili tena, na iliyofuata tena. Hakuna mtoto aliyecheka. Hakuna mwalimu aliyegeuza shingo. Nilimwita yule mvulana kando nikamuuliza huyo waziri atarudi lini nyumbani kwake, watoto wake wamemkosa. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa, akasema, "Madam, si ni habari tu?"

Siku hiyo sikula chakula cha mchana. Sikumkasirikia mtoto. Alikuwa ameelewa vizuri sana kile tulichomfundisha, kwamba habari ni kelele inayotolewa na mtu aliyevaa nguo safi, na kazi ya wengine ni kusimama wima hadi iishe. Niliwakasirikia wale waliomfundisha, na baadhi yao walikuwa kwenye chumba cha walimu wakinywa chai na mimi.

Nikaanza na magazeti. Shule haikununua gazeti hata siku moja, kwa hiyo nilikwenda kwa mwenye bucha karibu na stendi. Yeye alinunua magazeti ya zamani kwa kilo, ya kufungia nyama, na alikubali nichague kwenye rundo kabla halijamalizika, mradi nisimpangulie. Nilirudi shuleni na kurasa zenye madoa ya mafuta. Watoto waliziita magazeti ya nyama. Mara nyingine kiongozi kwenye picha alikuwa anakata utepe na uso wake wote umefunikwa na damu ya mbuzi, na ilibidi tukisie ni nani kutokana na suti.

Niliwagawia penseli za rangi mbili. Pale mwandishi alipoandika jambo aliloliona yeye mwenyewe, wapige mstari wa buluu. Pale alipoandika jambo aliloambiwa, wapige mstari mwekundu. Basi. Sikuwa na mafunzo yoyote ya kazi hiyo, nilijua tu kwamba gazeti likisema wananchi walifurika uwanjani, lazima kuna mtu aliyesimama pale akawaona, au kuna mtu aliyempigia simu mwandishi akamwambia wamefurika. Kurasa zetu zilitoka nyekundu juu hadi chini. Msichana mmoja wa darasa la tano, mwembamba, mwenye tabia ya kutafuna ncha ya penseli, alinyanyua ukurasa wake akauangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Madam," akauliza, "kwani huyu mwandishi hatokangi nje?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Huyo msichana mkumbukeni, kwa sababu habari yote hii ni yake.

Swali lenyewe, lile lililokuja kutuponza, nilipewa na mwenzangu aliyefundisha darasa la pili. Alikuwa Mmaasai wa upande wa Isinya, mwanamke mpole ambaye alinishangaa nikipiga kelele kuhusu magazeti wakati wa chai. Aliniambia kwao habari, ilomon, haziulizwi tu, zinaliwa. Watu wawili wakikutana njiani husimama wazile taratibu, mmoja akisema na mwingine akiitikia, na msemaji hapiti hivihivi. Ataulizwa hilo aliliona kwa macho yake ama aliambiwa. Kama aliambiwa, aliambiwa na nani. Nikamwambia ni adabu nzuri. Akasema si adabu. Mtu akikuambia kuna nyasi mahali fulani, unahamisha ng'ombe wako wote kwa miguu, na ukifika ukute hakuna, ng'ombe wanafia hapo. Alisema hivyo huku akikoroga chai, bila kuinua sauti, nami nikaona aibu kwamba nilikuwa nimeita jambo hilo adabu.

Tukalileta kwenye paredi. Msomaji akimaliza habari yake, shule nzima ilimuuliza kwa sauti moja, "Umeona ama umeambiwa?" Akijibu ameambiwa, shule ikauliza tena, "Na nani?" Hapo lazima aseme: na redio, na gazeti, na baba, na kondakta. Wadogo wa darasa la kwanza ndio waliolipenda zaidi. Walilipigia kelele kwa nguvu zao zote, wakifunga macho.

Mwalimu mkuu naye alilipenda, na kwa hilo nilimdharau mapema. Alikuwa mtu wa mpangilio, mrefu, mwenye saa ya mkononi aliyoitazama hata akiwa hana pa kwenda. Wakaguzi wa shule walipokuja aliwapanga karibu na mlingoti ili wasikie watoto wakiuliza kwa pamoja. Wakaguzi walipiga makofi. Alilichukulia kama wimbo wa kukaribisha wageni, na kwa miaka yote tuliyokaa pamoja sikumwona hata mara moja akitega sikio kwa kile kilichokuwa kinaulizwa.

Sasa niseme juu ya maji, maana bila maji hutanielewa.

Shule yetu ilikuwa ukingoni mwa mji, mahali nyumba za kupangisha zinapokwisha na mbuga kuanza, na vumbi la upande wa viwandani likikaa juu ya kila kitu. Haikuwa na maji. Kila mtoto alikuja asubuhi na mkoba mgongoni na mtungi wa plastiki mkononi, na asiye na mtungi alirudishwa nyumbani. Watoto wa darasa la kwanza walibeba ile midogo ya mafuta ya kupikia. Maji hayo ndiyo yaliyopika uji, yakaosha madarasa na kumwagwa vyooni. Ukame ulipotushika, miaka ya elfu mbili ikiwa ndiyo inaanza, wenye mikokoteni ya punda walipandisha bei na mitungi ikaanza kuja nusu. Ndipo ofisi ya maji ya Kajiado ilipotuwekea lori. Lilikuja kila Alhamisi, likajaza tangi letu, likaenda shule nyingine. Tulilisubiri lile lori jinsi watu wanavyosubiri mshahara.

Na hapo ndipo mheshimiwa wetu alipokuja kutufungulia kisima.

Kisima kilikuwa kimechimbwa kweli. Mashine ilikuja, ikanguruma siku kadhaa, ikaondoka. Kilichobaki kilikuwa bomba lililofungwa kifuniko cha chuma. Pampu haikuwapo. Umeme wa kuiendesha haukuwapo. Lakini siku ya sherehe ilishapangwa, hema zikakodiwa, na mheshimiwa hawezi kufungulia mfereji mkavu. Asubuhi hiyo lori la maji, si lile la Alhamisi bali jingine, lilirudi kinyumenyume hadi nyuma ya vyoo vya wavulana. Vijana wawili wakachimba mtaro mdogo, wakalaza mpira wa maji, wakaufukia na udongo hadi kwenye nguzo mpya ya mfereji iliyopakwa rangi. Darasa la nane, ambalo madirisha yake yanaangalia vyoo, waliona yote. Waliambiwa wafunge madirisha. Waliyafunga, wakaendelea kuona kupitia vioo.

Mheshimiwa akafungua. Maji yakatoka kwa nguvu, akina mama wakapiga vigelegele, na baadhi yao, nakumbuka, walikuwa wanalia kabisa. Mwandishi wa gazeti alikuwa amekuja ndani ya gari la mheshimiwa. Alikula nyama ya mheshimiwa. Alihitaji picha ya mtoto anayekunywa, na mwalimu mkuu akatazama safu za wanafunzi akachagua yule msichana mwembamba, ambaye sasa alikuwa darasa la nane na ndiye msomaji wangu mkuu wa habari. Akaambiwa acheke. Akakinga mikono, akanywa, akacheka. Baadaye mwandishi alipanda gari lilelile, hakuuliza pampu iko wapi, na hata hakugeuka kuutazama ule mfereji ambao, kabla vumbi la magari halijatulia, ulikuwa umeanza kukohoa hewa.

Gazeti lilitoka Jumatatu. Kwa mara ya kwanza mwalimu mkuu alinunua gazeti kwa pesa zake. Alikata ukurasa, akaubandika kwenye ubao wa matangazo ndani ya kioo, akafunga kufuli. Picha ilikuwa kubwa. Maandishi chini yake yalisema wanafunzi wetu wamesahau dhiki ya kubeba maji. Wanafunzi wetu walilisoma hilo huku wameshika mitungi. Mwalimu mkuu aliniagiza habari hiyo isomwe paredi ya Ijumaa, na isomwe na msichana wa kwenye picha.

Alhamisi lori halikuja. Siku hiyo nilikuwa Kajiado kwa shughuli zangu za ofisi ya elimu, na jioni nikapitia ofisi ya maji kwa sababu tangi letu lilikuwa linalia kama ngoma nilipoondoka. Karani alinikaribisha vizuri. Nilipomuuliza kuhusu lori, alishangaa. Akafungua droo, akatoa gazeti, akaligeuza nilione.

"Lakini nyinyi mko na maji, mwalimu," alisema. "Hata tumefurahi sana. Lori tumelipeleka kwingine."

Nilimwambia hatuna. Akaniangalia, akaangalia picha, akaniangalia tena. Nilikuwa nimesimama mbele yake na koo langu kavu na viatu vyangu vyenye vumbi la shule hiyo, na aliamini karatasi. Nilimuuliza kama yeye mwenyewe amefika kuona. Akasema si lazima, imeandikwa. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kumwambia mtu ofisini kwake, na sikuyajutia wakati ule, na sasa hivi ninapoandika bado nina mengine ya kuongeza. Lori hilo halikurudi hadi mvua zilipokuwa zimenyesha na hatukulihitaji tena.

Kesho yake nilifika shuleni mapema. Msichana alikuwa ananisubiri mlangoni mwa darasa na karatasi yake, kwa kuwa sheria yetu ilikuwa kwamba hakuna habari inayosomwa kabla sijaiona. Hakuwa amenakili gazeti. Aliniuliza kwa nini lori halikuja, nami nikamweleza nilichokikuta Kajiado. Akaongeza mstari mmoja chini, akanipa tena. Niliisoma mara moja, nikatia sahihi. Wapo wenzangu waliokuja kuniambia ningemzuia, ni mtoto, ana mtihani. Nimewasikiliza kwa miaka mingi. Ningemzuia kwa sababu gani, na baada ya hapo ningemfundisha nini?

Alipanda jukwaani, mikono nyuma. Habari za dunia zilikuwa zimekwisha.

"Habari za karibu," alisema. "Gazeti la Jumatatu limesema shule yetu ina maji. Shule yetu haina maji. Maji ya siku ya sherehe yalitoka kwa lori lililosimama nyuma ya vyoo. Tangu siku hiyo mfereji haujatoa hata tone. Jana lori la Alhamisi halikuja, kwa sababu watu wa maji wamesoma gazeti."

Shule ikauliza, kwa furaha ileile ya kila Ijumaa, "Umeona ama umeambiwa?"

"Nimeona," alisema. "Huyo wa kwa picha ni mimi." Kisha akafikiri kidogo, kwa sababu alikuwa mtoto mwaminifu kupita kiasi. "Ya watu wa maji nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na madam."

Walimu wote waligeuka wakanitazama. Mwalimu mkuu alitazama saa yake.

Kabla ya chakula cha mchana gari la watu wa mheshimiwa lilikuwa limeegeshwa langoni. Sijui nani aliwapelekea habari, na sikutafuta kujua. Walikaa ofisini na mwalimu mkuu muda mrefu. Walipotoka, msichana alitumwa nyumbani kumleta mzazi.

Mama yake alikuwa mtu wa kwetu magharibi, anayepikia wafanyakazi chapati na maharagwe nje ya lango la viwanda. Alikuja Jumatatu asubuhi akiwa bado na unga kwenye vidole, leso kiunoni, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Mimi niliitwa pia. Binti yake alisimama karibu na kabati. Mwalimu mkuu hakuzunguka. Alisema wiki hiyo ndiyo ya kupeleka Kajiado majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la nane. Msichana huyu ameitia shule aibu na kumdhalilisha mheshimiwa. Ijumaa atapanda jukwaani mbele ya wageni, asome msamaha ambao yeye mwalimu mkuu ameuandika. Asipousoma neno kwa neno, jina lake halitakwenda Kajiado.

Sitaki kueleza nilivyojisikia kwa maneno mazuri. Nilitaka kumrushia ile saa yake dirishani. Huyu msichana alikuwa wa kwanza katika darasa lake tangu la nne. Mama yake hakuwahi kuvuka darasa la tano. Mtu mzima mwenye diploma ya ualimu alikuwa amekaa nyuma ya meza, akiuza mtihani wa mtoto ili asikosane na mwanasiasa aliyemwahidi cheo. Nikamwambia aliyetia sahihi ni mimi, aniandike mimi. Akasema hesabu yangu iko njiani, nisiwe na haraka. Kweli ilinijia, na barua ya uhamisho iliyonipeleka upande wa Kimana, kwenye vitunguu na mbu, lakini hiyo ilikuwa baadaye.

Nilipoanza tena kusema, mama mtu alinigeukia. Nilitarajia anishukuru.

"Mwalimu, nyamaza," alisema. "Wewe uko na mshahara. Hata wakikufukuza hapa watakupeleka pengine ufundishe. Huyu wangu akikosa hii mtihani, atakaa na mimi kwa gate asukume chapati. Wewe ulimfundisha kusema. Ulimfundisha pia atakula nini akishasema?"

 Hakuna mtu aliyewahi kunifunga mdomo hivyo. Na nilikasirika, Mungu anisamehe, nilimkasirikia hata yeye, kwa kuwa alikuwa na haki ya kusema yale na haki hiyo ilikuwa imetengenezwa na watu wale wale waliofukia mpira wa maji. Nilitazama sakafu ili nisilie mbele ya mwalimu mkuu.

Kisha mama alimgeukia yeye. Alisema kwa upole, akimwita mwalimu kila mara, kwamba binti yake atasoma, yeye mwenyewe atamsimamia. Ila ana ombi moja dogo. Jina liende kwanza. Liende Kajiado, ligongwe muhuri, yeye aione karatasi, halafu Ijumaa mtoto asome. Mwalimu mkuu alitaka kukataa, lakini siku ya mwisho ya majina ilikuwa kabla ya Ijumaa hata hivyo, na mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti kwa namna ya mtu ambaye hatainuka. Akakubali. Alidhani amemaliza.

Mama alimwambia binti yake, mbele yetu sote, "Utasoma kila kitu wamekuandikia. Usipunguze, usiongeze yako. Umesikia?" Msichana akaitikia ndiyo, mama.

Majina yalipelekwa Jumatano na naibu wa mwalimu mkuu, na jioni mama alikuja na leso yake, akaona muhuri kwenye nakala iliyorudi, akaenda zake bila kuniaga.

Wiki ile hakuna mtoto aliyenong'ona. Nilikatazwa kukutana na wasomaji wangu. Nilikatazwa kusimama karibu na jukwaa, na Ijumaa nilipangiwa zamu ya lango, mbali kabisa, nihesabu wanaochelewa. Niseme wazi, kwa sababu baadaye nililaumiwa: sikumwambia mtoto yeyote neno lolote. Sikuwa na mpango. Nilisimama langoni nikiwa nimekwisha kushindwa, na nilitamani tu paredi iishe upesi.

Wageni walikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Kulikuwa na watu wa mheshimiwa, mwenyekiti wa kamati, na wazazi kadhaa waliokuwa wamealikwa kushuhudia. Mama wa msichana alisimama nyuma yao. Mitungi ya watoto ilikuwa imepangwa kando ya ukuta, mingi ikiwa nusu, karibu na nguzo ile iliyopakwa rangi. Kwa wiki nzima mwalimu mkuu alikuwa amefikiria kila kitu: viti, soda za wageni, bendera iliyofuliwa, karatasi ya msamaha iliyoandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Swali hakulifikiria. Kwa nini alifikirie? Kwake lilikuwa wimbo.

Msichana alipanda. Aliifungua karatasi kwa mikono miwili akasoma kwa sauti niliyomfundisha, inayofika hadi langoni.

"Habari niliyosoma wiki iliyopita haikuwa ya kweli. Shule yetu ina maji safi na ya kutosha. Hatubebi maji tena. Naomba msamaha kwa mheshimiwa, kwa mwalimu mkuu na kwa wazazi."

Hakupunguza. Hakuongeza. Wageni walitikisa vichwa wakiridhika, na mmoja akainua mikono apige makofi.

Wa darasa la kwanza hawakujua kwamba siku hiyo ilikuwa tofauti. Wangejuaje? Habari ilikuwa imesomwa, msomaji amenyamaza, na wao wanajua kinachofuata. Wakafunga macho.

"Umeona ama umeambiwa?"

Ilikuwa safu yao peke yao mwanzoni, sauti nyembamba. Darasa la pili wakadakia. Halafu nikasikia wakubwa wakiingia mmoja mmoja, la tano, la sita, la saba, na wao walijua vizuri wanachofanya. Swali likarudiwa mara ya pili na shule nzima. Mwalimu mkuu aliinua mkono juu kuwanyamazisha, na mkono ulipokuwa juu, watoto walinyamaza kabisa, wakimsubiri msomaji.

Msichana alimtafuta mama yake kwa macho. Mama hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alijifunga leso upya kiunoni.

"Nimeambiwa," msichana alisema.

"Na nani?"

"Na mwalimu mkuu."

Akaikunja karatasi vizuri kwenye mikunjo yake. Akashuka jukwaani, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, akiinama kidogo kama watoto wanavyofundishwa kuwapa wakubwa kitu. Kisha akaenda ukutani, akachukua mtungi wake.